Watoto wa Muradi na Watoto wa Majaliwa

Katika maswali yote ambayo serikali humwuliza mwanamke mlangoni pake, hakuna linalozidi kwa uzito lile liulizwalo na makarani wa Uchunguzi wa Afya na Idadi ya Watu, ambao tangu mwaka 1989 wamekuwa wakiizunguka Kenya kila baada ya miaka michache, wakipanda ngazi za majumba ya ghorofa ya Kileleshwa na kuinamia milango ya mabati ya Kangemi, na kumtaka kila mwanamke mwenye watoto arudi kwa fikira hadi siku zile alipokuwa hajazaa bado, kisha aseme, lau angalipewa hiari ya kuchagua idadi kamili ya watoto wa maisha yake yote, angalichagua wangapi. Wengi hutaja idadi: wawili, watatu, wanne. Wapo pia wasiotaja idadi yoyote, ambao hujibu kwamba jambo hilo analijua Mwenyezi Mungu. Na karani, kwa kuwa hakutumwa kujadiliana na takdiri, huandika kuwa jibu si la nambari na kuendelea na swali linalofuata.

Katika hojaji hiyo hiyo, kabla ya swali hilo, imekwisha kuandikwa idadi ya watoto ambao mwanamke huyo amewazaa kweli. Baina ya idadi hizo mbili, ile ya muradi na ile ya majaliwa, aghalabu pana masafa, na kauli yangu leo ni kwamba masafa hayo ndiyo yanayostahili kuwa kipimo cha siasa yetu ya uzazi. Kwa muda wa karibu miaka 60 tumejipima kwa wingi na uchache wa vizazi peke yake, tukafurahi idadi iliposhuka na kufadhaika ilipokwama; walakini hapa Nairobi, na hasa katika mitaa yake ya magharibi ambamo tajiri na maskini hutenganishwa na ukuta mmoja au bonde moja dogo, masafa hayo yanakwenda pande mbili kinyume, mwanamke mmoja akizaa zaidi ya alivyotaka na mwenzake akizaa pungufu, na hesabu ya wastani ikiwachukua wote wawili huwafunika wote wawili.

Nchi yetu si ngeni katika jambo hili. Chama cha Upangaji Uzazi cha Kenya kiliundwa mwaka 1962, kabla bendera ya uhuru haijapandishwa, na mwaka 1967 serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ikauingiza upangaji uzazi katika kazi za Wizara ya Afya, ikawa ya kwanza kusini mwa Sahara kufanya hivyo kwa mpango wa taifa zima. Hata hivyo, miaka kumi baadaye, uchunguzi wa 1977 na 1978 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya, kwa mwendo wa siku zile, angezaa watoto 8 katika umri wake. Na sensa ya mwaka 1979 ikatangaza kuwa watu wa nchi, waliokuwa milioni 10.9 miaka kumi nyuma, sasa wamefika milioni 15.3, ongezeko ambalo wataalamu wa ulimwengu walilihesabu miongoni mwa yaliyo ya kasi kabisa. Hapo ndipo serikali iliposhtuka: Baraza la Taifa la Idadi ya Watu na Maendeleo likaundwa mwaka 1982, mwongozo rasmi wa siasa ya idadi ya watu ukatolewa mwaka 1984, na mahubiri ya familia ndogo yakasikika katika mabaraza ya machifu, redioni na katika kuta za zahanati.

Kilichofuata kiliwastaajabisha hata waliokihubiri. Mwaka 1989 idadi ilikuwa imeshuka hadi watoto 6.7 kwa kila mwanamke, mwaka 1993 ikawa 5.4, mwaka 1998 ikawa 4.7, na baada ya kukwama kwa miaka kadhaa ikaendelea kushuka hadi 3.9 mwaka 2014 na 3.4 mwaka 2022. Katika uchunguzi huo wa mwisho Kaunti ya Nairobi ilipata 2.5, idadi ndogo kuliko kaunti zote 47, wakati Mandera ilipata 7.7. Wanaopenda kuisifu serikali hudai kuwa haya ni matunda ya mahubiri, lakini mahubiri yalikuwapo tangu 1967 na kwa miaka kumi hayakumgeuza mtu. Lililogeuka kwanza ni lile jibu la swali la karani: wanawake waliokuwa wakitamani watoto zaidi ya 6 mwishoni mwa miaka ya 1970, mwaka 1989 walikuwa wakitamani 4.4, na mwaka 1993 walisema 3.7. Muradi ulitangulia, na vizazi vikaufuata kwa mbali.

Anayetaka kujua kwa nini muradi uligeuka kwa haraka namna ile hana haja ya kufungua vitabu vingi. Na apande matatu katikati ya jiji, aelekee magharibi kwa Barabara ya Waiyaki hata Kangemi na Uthiru, au kwa Barabara ya Naivasha hata Kawangware, Riruta na Waithaka. Ardhi hii ilikuwa ya mbari za Wakikuyu, ikihesabiwa upande wa Kiambu, mpaka mwaka 1963 mipaka ya jiji ilipopanuliwa ikaimeza Dagoretti yote pamoja na mashamba, migomba na makaburi yake. Mzee aliyekuwa na ekari chache na wana wengi aliwagawia wanawe vipande, wana wakawagawia wana wao, na katika kizazi cha tatu urithi wa mtu mmoja haukutosha tena kupanda viazi, ila ulitosha kujengwa safu mbili za vyumba vya mabati vyenye ua katikati, ambavyo vilipangishwa kwa wageni waliotoka Kakamega, Vihiga, Machakos na Murang'a. Familia iliyoona kwa macho yake shamba la babu likigeuka kuwa ploti ya kupangisha, na ploti yenyewe ikigombaniwa na ndugu sita mbele ya chifu, haikuhitaji afisa wa serikali kuifundisha hesabu ya kugawanya.

Zaidi ya ardhi palikuwa na elimu. John Caldwell, mtaalamu wa Australia aliyeyachunguza mambo ya uzazi wa Afrika, alieleza mwaka 1976 kwamba ahali huendelea kuzaa sana madhali mali hupanda kutoka kwa watoto kwenda kwa wazazi, na kwamba siku mali inapoanza kuteremka kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto, hamu ya watoto wengi hupungua. Hapa kwetu siku hiyo ilikuja na karo. Mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi na kuteka maji sasa alikuwa na sare, vitabu, ada ya jengo na ada ya mtihani, na mwishoni mwa miaka ya 1980, serikali iliposema kwamba wananchi nao wachangie gharama za shule na hospitali, mzazi mwenye watoto wanane alijikuta anachangia mara nane. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, hamu ya watoto wengi haikurudi, maana wazazi walikuwa wamekwisha kujua kwamba shule ya msingi ni kizingiti tu, na kwamba gharama halisi imo ndani ya nyumba.

Wala sitaki msomaji adhani kwamba muradi wa mwanamke ni hesabu ya fedha peke yake. Miongoni mwa Wakikuyu, mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Binti wa kwanza huitwa kwa nyanya mzaa baba, wa pili kwa nyanya mzaa mama. Na kwa desturi hiyo wazee wanne hawarudi wote duniani mpaka wapatikane watoto wanne, wavulana wawili na wasichana wawili. Mwanamke wa Waithaka mwenye mabinti wawili, akisema kwamba anataka watoto wanne, huenda hajapiga hesabu ya karo wala ya kodi ya nyumba. Yamkini amemfikiria baba yake mzazi, ambaye hatapata wajina akiishia hapo, na uso wa mama yake siku ya kumpelekea habari hiyo. Idadi aitajayo mtu ina nasaba ndani yake na imani na haya na fedha, na hiyo ndiyo sababu haistahili kudharauliwa na afisa yeyote kwa kuwa ni kubwa, wala na mwanasiasa yeyote kwa kuwa ni ndogo.

Sasa tuyatazame masafa yenyewe. Wachunguzi wanayo njia ya kutoa, katika hesabu ya vizazi, wale watoto ambao mama alisema hakuwataka, wakapata idadi ambayo ingalikuwapo kama kila mwanamke angalizaa aliowataka tu. Mwaka 1993 vizazi halisi vilikuwa 5.4 na vya muradi 3.4, tofauti ya watoto wawili kamili. Mwaka 2003, vizazi vilipopanda kidogo hadi 4.9, muradi haukupanda kiasi hicho. Na wengi walioichunguza miaka ile husema kwamba fedha na nguvu za wafadhili zilikuwa zimehamia kwenye vita vya ukimwi, dawa za kupanga uzazi zikaadimika katika zahanati, na mzigo ukawaangukia zaidi wasiosoma na wasio na kitu. Mwaka 2014 vizazi vilikuwa 3.9 na muradi 3.0. Kwa hiyo, katika miongo miwili masafa yalipungua kwa nusu, jambo la kushukuriwa, lakini bado palibaki karibu mtoto mmoja kwa kila mwanamke, na hapana budi kusema kwa uwazi kwamba kumwita mtoto huyo wa ziada si kumvunjia heshima, kwa kuwa akisha zaliwa hupendwa kama wenziwe. Swali ni la mama yake, ambaye hakuulizwa.

Mtazame mama huyo kwa karibu. Hutoka Kangemi alfajiri, akavuka bonde kuelekea Lavington, Loresho au Kileleshwa, akaketi na wenzake kando ya barabara, penye kivuli karibu na lango la majumba, akingoja mtu wa kumwita akafue. Mji umempa jina la mama fua, na jina lake la nyumbani hakuna alijuaye pale ila wenzake wa kivulini. Siku akiitwa hufua, hupiga deki na kupiga pasi, akaondoka jioni na mia kadhaa za shilingi. Siku asipoitwa hurudi mikono mitupu kwa miguu. Mtoto wake mdogo amemwacha kwa jirani aliyekigeuza chumba chake kuwa mahali pa kulea, ambapo watoto kumi na zaidi hushinda juu ya mkeka mmoja, kila mmoja na chupa yake ya uji yenye alama ya rangi, kwa ada inayolipwa kila siku asubuhi kabla mama hajageuka. Tarehe ya sindano yake ya kupanga uzazi ya kila miezi mitatu ikifika, huwa na mambo mawili ya kuchagua: aende zahanati, au aende kivulini kutafuta unga wa siku hiyo, maana zahanati ya umma hufuata saa za ofisi, na foleni yake haimalizi watu kabla ya adhuhuri.

Tuseme ameiacha kazi siku ile, akaketi katika benchi tangu saa mbili hadi saa sita, kisha zamu yake ikafika. Mwuguzi, ambaye naye amechoka na hana kosa, huitazama kadi yake na kumwambia, "Mama, sindano zimekwisha. Rudi wiki ijayo, ama ununue hapo nje." Naye hujibu, "Sawa, sista," kwa kuwa hakuna jibu jingine. Hapo nje ni duka la dawa, na bei yake ni sehemu nzuri ya pato la siku ambayo hakufanya kazi. Tena kuna mume, kama yupo, ambaye huenda ni mlinzi wa usiku katika majumba yale yale, na ambaye amesikia barazani kwamba sindano humkausha mwanamke au kumletea damu isiyokoma. Kwa hiyo kadi ya zahanati hukaa kwa jirani, katika kopo la sukari, na safari ya zahanati lazima iwe na kisingizio. Katika hali hiyo wiki moja huzaa ya pili, na mimba hutunga katika wiki hizo. Uchunguzi wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 14 ya wanawake walioolewa nchini walitaka kuahirisha au kukomesha uzazi na hawakuwa wakitumia njia yoyote. Si watu wasiojua, maana hakuna mwanamke wa Kawangware asiyejua kijiti cha kupanga uzazi ni nini, bali ni watu ambao baina ya kujua na kupata wamewekewa vizuizi vidogo vidogo visivyokwisha.

Huo ni upande mmoja, na umezoeleka kusemwa. Upande wa pili husemwa kwa kunong'ona. Ndani ya ukuta wa majumba yale, ghorofa ya nne, yumo mwanamke mwenye shahada na mshahara, anayeshuka kila asubuhi kwenda ofisini katikati ya jiji, aliyetamani watoto watatu na ana mmoja. Alingoja amalize masomo, kisha akangoja kazi ya kudumu, kisha akangoja mume aliye tayari. Alipojifungua alipewa mapumziko ya miezi mitatu ambayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa, na baba wa mtoto wiki mbili, na mwezi wa nne akarudi kazini huku maziwa yanamtoka. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamwamuru mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, lakini mwanamke huyu hukamua maziwa chooni, akayatia katika mkoba, na kumwomba Mungu yaya aliyempata kupitia kwa shangazi asiondoke kabla ya Krismasi. Yaya akiondoka, naye hupungukiwa na hamu ya mtoto wa pili kwa mwaka mmoja zaidi. Na karo ya shule ya chekechea ikipanda, kwa mwaka mwingine tena. Mpaka siku moja umri wenyewe ukaamua kwa niaba yake.

Tena wapo ambao hawakungoja chochote na bado hawakupata. Uchunguzi na hospitali zetu zimejengwa juu ya fikira kwamba tatizo la Mwafrika ni kuzaa kupita kiasi, na kwa hiyo mwanamke asiyeshika mimba, au aliyeshika moja na hakushika tena, hana mlango wa kubisha katika zahanati ya umma, ilhali katika ukoo wa mumewe hakosi mtu wa kumtia ila. Watoto wa kwanza wa Kenya waliotungwa nje ya tumbo la mama walizaliwa Nairobi mwaka 2006, miaka 28 baada ya yule wa kwanza wa Uingereza, na hata leo tiba hiyo hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi, ambayo mfanyakazi wa kawaida hulazimika kuyapata kwa kuuza kiwanja. Muswada wa kuisimamia tiba hiyo uliletwa Bungeni na Mheshimiwa Millie Odhiambo tangu mwaka 2014, nao ukakawia huko kwa miaka mingi. Muswada wenye kasi ya namna hiyo husema wenyewe jinsi dhiki ya wanawake hawa inavyothaminiwa.

Ninawaweka wanawake hawa wawili katika makala moja kwa sababu maisha yao yamefungamana kuliko wao wenyewe wanavyokiri. Yule wa ghorofani asingeweza kwenda ofisini pasipo mikono ya yule wa kivulini, na yule wa kivulini huacha mtoto wake juu ya mkeka wa jirani ili aende akatunze nyumba ya mwingine. Mmoja hana fedha za kununua malezi na mwingine hununua malezi hayo kwa wasiwasi, na wote wawili huishi katika jiji ambalo limejenga barabara ya juu kwa juu hata Westlands, ila katika kumlea mtoto wa chini ya miaka mitatu limemwachia mama peke yake. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta katika Nairobi watu 4,397,073 na wastani wa watu 2.9 tu katika nyumba, wakati wastani wa nchi ulikuwa 3.9. Hiyo ni nyumba isiyo na nyanya wala shangazi wala binamu mkubwa wa kumshika mtoto. Na desturi zetu zote za kuzaa zilitungwa katika nyumba zilizokuwa nao.

Kwa kweli jambo hili si la Nairobi pekee. Wanawake wa asili ya Amerika ya Kusini na Mexico walioko Marekani, ambao majirani zao walikuwa wakiwadhania kuwa huzaa bila kikomo, walikuwa na wastani wa watoto karibu 3 mwaka 2007, na kufika mwaka 2020 walikuwa wameshuka chini ya 2, na miongoni mwao pia muradi na majaliwa haviendi pamoja: aliye kijana na maskini hupata mtoto kabla ya wakati autakao, na aliyesoma hukawia hata asifikie idadi aliyoipenda. Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu, katika ripoti yake ya mwaka 2025, liliwauliza watu wa nchi 14 swali linalofanana na la makarani wetu, na karibu mmoja katika kila watano alisema hatarajii kupata idadi ya watoto aitakayo, sababu iliyotajwa zaidi ikiwa ni ufukara wa mfuko. Tunaona basi kwamba ulimwengu mzima umekuwa ukibishana kama watu ni wengi mno au wachache mno, na katika ubishi huo mwenye kuzaa amesahauliwa kuulizwa.

Najua yapo mapingamizi. Wapo viongozi ambao kila uchaguzi ukikaribia huwahimiza wanawake wa kabila lao wazae kwa wingi ili hesabu ya kura isiwapite, na hao sina la kuwaambia ila kwamba tumbo la mwanamke si kituo cha kuandikishia wapiga kura, na kwamba sijaona hata mmoja wao akilipa ada ya siku kwa yule jirani mwenye mkeka. Wapo wataalamu wa mipango ambao hesabu yao inafikia tamati katika shabaha, nao wanakumbusha kwamba siasa ya mwaka 2012 iliagiza taifa lishuke hadi watoto 2.6 ifikapo mwaka 2030. Lakini Nairobi imekwisha kulipita lengo hilo, na mama fua wa Kangemi bado anakosa sindano. Kuisifu kaunti kwa idadi hiyo ni sawa na kumsifu fundi wa nguo kwa uchache wa kitambaa alichotumia, bila kumwuliza mwenye kanzu kama imemwenea. Wapo pia wenye imani, ambao jibu lao kwa karani ni lile la Mwenyezi Mungu, nami nawaheshimu. Ila tusimsingizie Mungu upungufu wa dawa katika rafu, wala mapumziko mafupi ya uzazi, wala karo, mambo ambayo yote yana waliotia saini chini yake.

Na tuwaulize wanaume. Uchunguzi huwauliza wao pia idadi waitakayo, na kwa kawaida hutaja idadi inayozidi kidogo ile ya wanawake, jambo lisiloshangaza kwa mtu ambaye mtoto humgharimu fedha na mara chache humgharimu kazi yake. Mume anayeificha hofu yake ya sindano katika amri, na mwingine anayedai mvulana baada ya mabinti watatu huku akifika nyumbani watoto wamekwisha kulala, ni sehemu ya masafa haya sawasawa na duka la dawa lililofungwa. Elimu ya uzazi iliyokwisha kupelekwa kwa wanawake kwa miaka 60 haina budi kupelekwa sasa vituo vya matatu, vijiwe vya bodaboda na maeneo ya ujenzi, na ipelekwe na wanaume.

La kufanya halihitaji tume mpya. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imekwisha kumpa kila mtu haki ya huduma za afya ikiwamo afya ya uzazi, na afya imekwisha kukabidhiwa kaunti. Marekani iliposimamisha misaada yake mwanzoni mwa mwaka 2025 tulikumbushwa kwamba taifa linalosubiri meli ya wafadhili ndipo wanawake wake wapange uzazi halijapanga lolote. Kwa hiyo kwanza dawa hizi zinunuliwe kwa kodi yetu, ziandikwe katika bajeti na zisiondolewe. Pili, Nairobi ina sheria yake ya vituo vya kulelea watoto tangu mwaka 2017. Itekelezwe kwa kumsaidia yule jirani mwenye mkeka apate chumba chenye dirisha, choo na mafunzo, badala ya kumtumia askari wa kaunti kumfungia. Tatu, bima ya afya ya jamii imhesabu asiyeshika mimba kuwa mgonjwa kama wagonjwa wengine. Nne, waajiri wakaguliwe kwa vyumba vya kunyonyeshea kama wanavyokaguliwa kwa mitungi ya kuzima moto.

Na kila ripoti mpya ya uchunguzi itakapotoka, gazeti hili na mengine yasiishie kuandika katika kurasa za mbele kwamba vizazi vimepanda au vimeshuka. Yaandike ni wanawake wangapi wamepata watoto waliowataka, wakati walioutaka, katika Kangemi na katika Kileleshwa, na ni wangapi wamezidishiwa na wangapi wamepunguziwa. Hilo litachukua muda. Lakini lipo moja lisilohitaji ripoti, wala muswada, wala mfadhili, nalo ni kwamba Kaunti ya Nairobi ifungue zahanati zake za Dagoretti na Westlands jioni na siku ya Jumapili, ili mwanamke anayekula kwa kibarua cha siku asilazimike kununua afya yake kwa unga wa watoto. Gavana anaweza kuliamuru wiki hii, nasi tunamwomba aliamuru.